Mwizi Aliyepiga Reki

Sanduku la fomu lilifunguliwa Ijumaa saa mbili kamili asubuhi, mbele ya kamati nzima ya klabu ya gofu. Kufuli lilikuwa zima. Katibu alizitoa fomu, akazipanga mezani kwa namba zake. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na mbili.

Alikohoa, akazipanga upya. Fomu namba arobaini na moja haikuwemo.

Mwenye stakabadhi namba arobaini na moja alikuwa amesimama mlangoni, amevaa magwanda ya kazi, grisi imemfika viwikoni. Alikuwa mkata nyasi wa klabu hiyo kwa miaka kumi na saba. Wote walimwita Mama Mashine, na wengi wao hawakujua kama ana jina jingine.

"Pole, mama," kapteni wa klabu alimwambia. "Labda mwakani."

Mama Mashine alitoka, akapanda mashine yake ya kukatia nyasi, akaipitisha geti kubwa ambalo wafanyakazi hawaruhusiwi kulitumia, akaiendesha barabarani mwendo wa konokono huku magari yakimpigia honi nyuma, mpaka kituo cha polisi. Aliiegesha palepale panapoegeshwa gari la mkuu wa kituo.

"Nimeibiwa," alimwambia inspekta aliyekuwa zamu.

"Umeibiwa nini?"

"Mashindano ya taifa."

Inspekta alifungua kinywa amjibu, akapiga chafya. Akapiga ya pili. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kesi nyingi zilizokwisha vizuri na pua isiyopatana na nyasi mbichi, na mama huyu alikuwa na nyasi hadi kwenye nyusi. Mke wake alishazoea, kila asubuhi humtilia leso mbili mfukoni. Alitoa ya kwanza.

"Kaa, mama. Kaa mbali kidogo. Haya, eleza."

Mama Mashine alieleza bila kupamba. Mashindano ya taifa ya wanawake yanaanza kesho, kwenye uwanja uleule anaoukata yeye. Raia yeyote anaruhusiwa kuingia, ilimradi alete fomu na kadi tatu za mwaka huu zinazoonyesha kwamba kiwango chake kinatosha. Na kadi ya gofu mtu hajiandikii. Unayecheza naye ndiye anayekuandikia mikwaju yako, shimo kwa shimo, halafu wote wawili mnatia sahihi. Bila sahihi mbili, kadi ni karatasi ya kufungia karanga.

"Na wewe kadi ulikuwa nazo?"

"Tatu. Nilizipeleka Jumatano ndani ya bahasha pamoja na fomu. Katibu akanipa hii." Aliweka stakabadhi mezani. Ilikuwa na muhuri, tarehe na saa.

"Si utafute kadi nyingine?"

"Aliyeniandikia amefariki. Tulimzika miezi miwili iliyopita. Kabla yake niliwaomba wanachama saba wacheze na mimi, hata mashimo tisa tu. Saba, afande. Mmoja aliniuliza nani atakata nyasi nikiwa nacheza."

"Orodha inatoka lini?"

"Leo saa kumi jioni inabandikwa. Ikishabandikwa, basi."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika ishirini.

Mlango ulifunguliwa kwa nguvu, mkuu wa kituo akaingia, funguo za gari mkononi. "Nani ameweka trekta kwenye nafasi yangu?"

"Si trekta," Mama Mashine alisema. "Ni mashine ya nyasi."

"Ni mlalamikaji, mkuu," inspekta aliwahi. "Ameibiwa nyaraka."

"Najua ameibiwa nini. Kapteni wa ile klabu ameshanipigia simu. Anasema ni mambo yao ya ndani."

"Wizi wote ni mambo ya ndani, mkuu, mpaka utoke nje."

Mkuu wa kituo alimkodolea macho. "Nina magari mawili yameibiwa wiki hii, Inspekta. Magari. Wewe unataka kwenda kutafuta karatasi?"

"Ndiyo, mkuu."

Inspekta hakuinamisha macho. Wakubwa kama hawa wamezoea watu wanaoinamisha macho, na wakimkosa mmoja huwa hawajui la kufanya.

"Mpaka saa kumi," mkuu alisema mwishowe. "Saa kumi na dakika moja uwe kwenye magari. Na hiyo trekta itoke."

"Tutakuja kuichukua," alisema Mama Mashine.

*

Ofisi ya katibu ilikuwa chumba chembamba nyuma ya jengo la klabu: meza, kabati la mafaili, sanduku la bati lenye tundu juu, dirisha moja. Koplo wa alama za vidole, mama mtu mzima asiyependa kuongeleshwa akiwa kazini, alianza kupaka unga kwenye sanduku.

"Majibu ya maabara lini?" inspekta alimuuliza.

"Jumatatu."

"Jumatatu haitusaidii."

"Basi usiniulize."

Inspekta alimgeukia katibu, mzee mwembamba mwenye tai iliyokazwa mpaka ikamfanya aonekane anasongwa.

"Ufunguo wa kufuli hili anao nani?"

"Mimi peke yangu. Hautoki shingoni mwangu."

"Uko shingoni sasa hivi?"

Mkono wa katibu ulikwenda kwenye tai, ukarudi. "Sasa hivi… uko kwenye droo."

"Tangu lini?"

"Afande, kamba inaniwasha shingo."

"Nimeuliza tangu lini."

"Tangu mwaka juzi."

"Na nani anajua uko kwenye droo?"

Katibu aliangalia sakafu. Jibu lilikuwa wazi: klabu nzima, pamoja na wapishi. Inspekta aliandika kwenye daftari lake.

"Jana ulifunga ofisi saa ngapi?"

"Saa sita na nusu, mvua ilipoanza. Kamati ilikuwa na kikao ukumbini, kapteni, mimi, wote. Kikao kilikwisha saa kumi. Hakuna aliyetoka, hata kwenda chooni. Kapteni haruhusu."

"Mlango ulikuta umefungwa?"

"Umefungwa kama nilivyouacha."

Inspekta alikwenda dirishani. Komeo lilikuwa limelegea, ukilisukuma kwa kidole linafunguka. Alichungulia nje. Upande wa kulia kulikuwa na ukuta, kushoto ua wa miiba, na katikati, kuanzia chini ya dirisha, mtego wa mchanga wa mazoezi: kile kibwawa cha mchanga wanachokichimba makusudi ili mpira ukitumbukia, mchezaji ateseke. Kamba nyekundu ilikuwa imeuzunguka.

"Aliyeingia hapa alipita juu ya mchanga," alisema. "Twende nje tuangalie nyayo."

Walizunguka jengo. Hapakuwa na nyayo. Mchanga ulikuwa safi. Inspekta alipiga chafya, akatoa leso ya pili, akaanza kukata tamaa.

"Afande," Mama Mashine alisema. Alikuwa amechuchumaa kwenye ukingo. "Usikanyage. Angalia."

"Naangalia. Sioni kitu."

"Ndiyo hivyo. Mtego huu tumeufunga kwa kamba tangu Jumatatu. Haupigwi reki kuusawazisha. Jana mvua imenyesha mpaka saa nane. Mchanga ukinyeshewa unakuwa na vidoa, kama uso wenye ndui. Ona kule pembeni. Ona na kule."

Aliona. Mtego wote ulikuwa na vidoa vya mvua, isipokuwa njia moja, upana wa hatua moja, kutoka ukingoni hadi chini ya dirisha. Njia hiyo ilikuwa laini, yenye mistari myembamba iliyonyooka. Reki ilikuwa imelazwa vizuri pembeni.

Inspekta alisahau pua yake. "Mwizi amefuta nyayo."

"Hakuwa anafuta nyayo," Mama Mashine alisema. "Anayefuta nyayo anafagia kwa mguu, anakimbia. Huyu amepiga reki kwa utaratibu, akaivuta kinyumenyume akitoka, akailaza panapotakiwa. Wacheza gofu ndivyo walivyo. Ukiingia mchangani, ukitoka unapiga reki ili wa nyuma yako asikute shimo. Wakishazoea, mikono inafanya yenyewe. Hawezi kuuacha mchanga vile, hata nyumba ikiwaka moto."

"Mwizi mwenye adabu."

"Mchezaji. Tena wa siku nyingi. Wanaojifunza wanaacha kama kuku wamepita." Alisogeza kichwa. "Na ni mashoto."

"Hilo umelijuaje?"

"Mimi naamka nao hawa, afande. Kila asubuhi nasoma walivyouacha uwanja jana yake. Wa mkono wa kulia akivuta reki, mistari inalalia huku. Hii imelalia kule."

Inspekta alimtazama mama huyu mwenye grisi, akaona haya kwamba saa tatu asubuhi alikuwa amemfikiria kama mtu wa kuonewa huruma. Alimwita koplo apige picha za mchanga na kupaka unga mpini wa reki.

Sauti ilisikika nyuma yao. "Hili ni eneo la wanachama."

Kapteni alikuwa amesimama kwenye lami, suruali imepigwa pasi, mikono kiunoni. Alimsemesha inspekta, lakini macho yalikuwa kwa Mama Mashine.

"Ni eneo la tukio," inspekta alisema. "Ukiingia ndani ya kamba nitakuandika."

"Kesho nina wageni kutoka nchi nzima. Nataka hii sarakasi iishe. Huyu mama ni mfanyakazi wetu. Kama amepoteza karatasi zake…"

"Hajapoteza. Alikabidhi. Nina stakabadhi yenye muhuri wa klabu yako. Kapteni, unaandika kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Kwa nini?"

"Basi una bahati. Unaweza kwenda."

Hakuna aliyewahi kumruhusu kapteni kuondoka kwenye klabu yake mwenyewe. Alibaki amesimama hapo muda mrefu kuliko alivyokusudia.

*

Wanachama mashoto walikuwa watatu. Katibu aliwataja bila kufungua faili, kwa sababu fimbo za mashoto hutengenezwa kinyume na makabati yao yamewekwa alama. Wa kwanza alikuwa safarini tangu mwezi uliopita. Wa pili alikuwa na mkono kwenye plasta. Katibu alipofika kwa wa tatu alishusha sauti.

"Bingwa," alisema.

"Bingwa yupi?"

"Bingwa wa taifa. Mara nne. Afande, huyo hapana. Huyo ndiye mtu mwaminifu kuliko wote waliowahi kukanyaga nyasi za hapa."

"Waaminifu ndio nawapenda. Niambie habari zake."

Katibu alisema, na sauti yake ilibadilika. Miaka sita iliyopita, katika shimo la mwisho la mashindano ya taifa, Bingwa akiongoza kwa mkwaju mmoja, mpira wake ulisogea alipokuwa anajiandaa kuupiga. Ulisogea upana wa ukucha. Hakuna aliyeona, wala mwamuzi, wala aliyekuwa akimwandikia. Bingwa aliinua mkono mwenyewe, akajiongezea mkwaju mmoja wa adhabu. Ubingwa ukamponyoka.

"Hakulia," katibu alisema. "Alisema tu, kadi yenye uongo hawezi kuitia sahihi."

Inspekta aliacha kuandika. "Na aliyekuwa akimwandikia Mama Mashine ni nani?"

Katibu aliirekebisha tai yake ambayo haikuhitaji kurekebishwa. "Daktari. Mzee wetu. Alikuwa mwanachama kwa miaka arobaini."

"Na?"

"Ni baba yake Bingwa."

"Bingwa alijua kwamba baba yake alikuwa anamwandikia mkata nyasi?"

"Hakujua. Daktari alikuwa anakuja alfajiri, kabla ya watu. Mimi mwenyewe nimejua Jumatano, nilipoona sahihi. Nikamwambia Bingwa. Nilidhani atafurahi, afande. Nilidhani ni kumbukumbu nzuri."

Inspekta alifunga daftari. Ilikuwa saa nane na nusu. Alikuwa na mchanga, mkono wa kushoto na mdomo wa katibu. Mbele ya hakimu, vyote vitatu havikutosha kumfunga hata mbuzi. Alama za vidole zingesema Jumatatu, na Jumatatu kombe lingekuwa kabatini kwa mtu.

"Nipe kadi moja tupu," alimwambia katibu. "Na penseli."

*

Bingwa alikuwa barazani, peke yake, anasafisha fimbo zake kwa kitambaa kilicholowa. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, na alizipanga fimbo kwa urefu kama mtu anayepanga mawazo. Alimwona inspekta akija, akaendelea kusafisha.

"Una haki ya kukaa kimya, dada," inspekta alisema akiketi. "Utakayosema naweza kuyatumia. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Jana mchana baada ya mvua ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuja kufanya mazoezi."

"Uliingia ofisi ya katibu?"

"Ofisi ilikuwa imefungwa."

"Umechukua fomu namba arobaini na moja?"

"Mimi naogopa kushindwa na mkata nyasi? Ndivyo wanavyosema?"

Inspekta alitabasamu ndani kwa ndani. Ameuliza maswali mawili ya ndiyo au hapana, amejibiwa kwa ukweli mtupu ambao haukuwa jibu. Waongo wa kawaida wangekuwa wamesema hapana zamani.

"Mimi sijui gofu," alisema. "Nasikia mtu hajiandikii. Nimejaribu kukuandikia. Niambie kama nimekosea."

Alisukuma kadi mezani. Kwenye mistari minne ya kwanza, mahali pa namba za mashimo, alikuwa ameandika kwa penseli: dirisha, droo, sanduku, mchanga. Mbele ya kila neno aliweka sifuri.

"Sifuri maana yake hukufanya. Mimi ndiye mwandishi wako, nimeshatia sahihi hapa chini. Tia yako, mimi niende zangu, sitakuuliza tena."

Bingwa aliitazama kadi. Kitambaa kilidondosha maji kwenye viatu vyake. Kutoka uwanjani zilisikika sauti za wageni waliokuja kuangalia uwanja, mtu akicheka, mpira ukigongwa.

"Hii si haki," alisema taratibu.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Alichukua penseli kwa mkono wa kushoto. Inspekta alizuia pumzi, na pua yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ilimheshimu. Bingwa alikata sifuri ya kwanza, akaandika moja. Akakata ya pili, ya tatu, ya nne. Alirudi juu akazihakiki zote, kama anavyofanya mchezaji yeyote kabla ya kukabidhi. Halafu akatia sahihi.

"Mwite," alisema. "Mwenyewe awepo. Sitaki kusema mara mbili."

*

Mama Mashine alikuja na katibu. Kapteni alikuja bila kuitwa. Inspekta aliwaeleza habari ya penseli, akawaonyesha kadi yenye zile moja nne. Bingwa alikuwa ameshatoa bahasha kutoka mfuko wa pembeni wa begi lake la fimbo, ameiweka mezani, nzima, imenyooka.

"Kadi zako zote zimo," alisema. "Sikuzichana. Nilijaribu, mikono ikakataa. Kadi iliyotiwa sahihi haichanwi."

"Kwa nini uliichukua?" inspekta aliuliza.

"Nilikwenda kusoma tu. Nilitaka kuona mwandiko wa baba." Alikuwa anamwambia Mama Mashine sasa, si polisi. "Mwaka wake wa mwisho aliniambia miguu haimbebi. Mashindano yangu ya mwisho hakuja. Kombe la nne, nililinyanyua nikatafuta uso wake kwenye umati, hayupo. Nikamsamehe. Nikasema mzee anaumwa. Kumbe kila alfajiri miguu ilimbeba mashimo kumi na nane nyuma yako."

"Hakutembea," Mama Mashine alisema. "Nilimpandisha kwenye tela la nyasi."

"Hiyo ndiyo ya kunituliza?"

"Si ya kukutuliza. Umesema uongo kuhusu miguu yake, nakusahihisha."

Bingwa aliisukuma bahasha mbele ya Mama Mashine. "Miaka ishirini na mitano nacheza. Baba yangu hakuwahi kuniandikia kadi hata moja. Alisema watasema ananipendelea. Sawa. Na hakuwahi kuniambia nimecheza vizuri. Hata siku moja. Nikishinda, aliniuliza kwa nini shimo la saba nilipiga mikwaju mitano. Sasa geuza kadi ya tatu."

Mama Mashine alifuta vidole kwenye magwanda, akaitoa kadi ya tatu, akaigeuza. Nyuma, kwa mwandiko wa kidaktari, mstari mmoja. Ilimchukua muda kuusoma.

*Sijawahi kumwandikia mchezaji mzuri kuliko huyu.*

"Sikujua," Mama Mashine alisema. "Nilihakiki namba tu. Sikugeuza."

"Mimi niligeuza."

"Aliyaandika lini haya? Mimi hakuniambia kitu. Alikuwa anasema nne, tano, tatu. Basi. Siku nyingine hata salamu ya kuagana hakutoa."

"Ndiye yeye," Bingwa alisema, na machozi yakamtoka waziwazi. Hakuyafuta. "Nisingeogopa kushindwa na wewe. Nimeshindwa mara nyingi, nakula, nalala. Lakini uingie kesho na sahihi ya baba yangu mkononi, ubandikwe ukutani, halafu mimi nitafute uso wake tena… Nilishindwa. Niliiweka bahasha kwenye begi. Nikapita dirishani nikatoka."

"Ukapiga reki," inspekta alisema.

Bingwa alimtazama bila kuelewa. "Nilipiga reki?"

Hata hakukumbuka.

Kapteni alisafisha koo. Saa yake ilisema saa tisa na dakika arobaini na tano. "Vyovyote vile, bahasha imetoka kwenye sanduku. Fomu iliyotoka haiwezi kurudi. Kanuni…"

"Kanuni inasema ipokelewe kabla ya saa kumi leo," katibu alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, na alionekana kushangaa kuisikia. Alikuwa ameilegeza tai. "Mimi niliipokea Jumatano. Muhuri wangu. Na kama unataka niipokee tena, nitaipokea tena sasa hivi. Dakika kumi na tano zipo."

"Utaona, bwana katibu."

"Nimeshaona mengi hapa, kapteni. Acha nione na hili."

Akaenda na bahasha. Walisikia muhuri ukigonga meza ofisini, mara moja, kwa nguvu ambayo haikuwa ya lazima.

Inspekta alimgeukia Bingwa. "Nitakupa dhamana ya polisi. Jumatatu saa mbili uripoti kituoni. Kuvunja na kuiba nyaraka si mchezo, dada. Mlalamikaji ndiye atakayesema kama anaendelea."

"Naelewa." Bingwa alisimama, akaanza kuzirudisha fimbo kwenye begi. "Kapteni, futa jina langu. Najitoa."

"Hujitoi," alisema Mama Mashine.

Wote walimgeukia. Hakuwa ameinua sauti.

"Ukijitoa, kesho watasema nini? Mkata nyasi kamleta polisi, ndiyo maana kashinda. Miaka kumi na saba naingilia geti la nyuma. Fimbo zangu zote kumi na mbili nimeziokota bwawani, mlizitupa nyie mkiwa na hasira, nikazikausha, nikazifunga mpini upya. Ile fimbo ya chuma namba saba ilikuwa ya kapteni. Sasa nimefika, unataka kunipa ushindi wa kuokota tena? Sitaki. Nataka nikushinde mchana kweupe, watu wote wakiona. Au wewe unishinde, wakiona."

"Baada ya nilichokufanyia?"

"Hilo ni la Jumatatu. Jumatatu nitakuja kituoni, na sijasema nimekusamehe. Kesho ni kesho." Alimgeukia kapteni. "Tupange pamoja, kapteni. Mimi na yeye, kundi la kwanza. Yeye aniandikie mimi, mimi nimwandikie yeye."

"Umwamini akuandikie?" Kapteni alicheka. "Mtu aliyekuibia?"

"Saba niliwaomba wakakataa. Wewe ulikuwa wa tatu. Huyu amepewa penseli na polisi ajiokoe, akajiandikia makosa yake mwenyewe. Kwenye klabu yako yote, kapteni, nionyeshe mwingine."

Kapteni alitazama upande wa pili wa baraza, ambako wanachama walikuwa wamekusanyika na bilauri zao, kila mmoja akikagua viatu vyake. Akamfuata katibu ofisini.

Bingwa aliweka begi chini. Alinyoosha mkono, kisha akasita. Mama Mashine hakuupokea.

"Mkono tutauona Jumatatu," alisema. "Kesho saa moja na dakika kumi. Usichelewe."

Saa kumi kamili katibu alibandika orodha. Majina ya kundi la kwanza yalikuwa mawili.

Inspekta alipiga chafya kubwa, akakuta leso zote mbili zimekwisha kazi, akatumia mkono wa shati. "Twende, mama. Nina magari mawili ya kutafuta."

"Twende haraka," Mama Mashine alisema. "Nataka mashine yangu. Shimo la kumi na nane halijakatwa, na nitalikata mwenyewe leo, fupi, sawasawa. Nisije nikasikia kesho mtu anasema ameshindwa kwa sababu ya nyasi."